Mama Alijua Siku, Baba Alijua Njia

Habari za baba yangu kuiba maji nilizipata sokoni Same, mbele za watu, kutoka kwa mwanamke wa kwetu Myamba aliyeshuka na mikungu ya ndizi. Hata hakunivuta pembeni. Alitua mzigo, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Wewe dada, mzee wako anafungua ndiva kila asubuhi. Zamu ya nani, hajui wala haulizi. Watu wamechoka." Nilimjibu kwamba baba yangu hajawahi kuchukua hata hindi moja la mtu, na kama ana ndizi za kuuza auze, umbea auache huko huko mlimani. Mimi sikuzaliwa na subira, aliyenizaa anajua. Lakini nilipofika nyumbani, kwenye kota za reli alikopewa chumba mume wangu, niliketi kizingitini bila hata kutua kapu. Nilijua yule mwanamke hakudanganya.

Ndiva ni bwawa letu la udongo. Mfereji unaleta maji kutoka kijitoni, yanajaa usiku kucha, na alfajiri mtu anachomoa kizibo, maji yanashuka mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Kila nyumba ina siku yake. Ukimtukana mtu mtapatana baada ya ibada ya Jumapili, lakini ukichukua siku yake ya maji wakati maharage yake yanatoa maua, hapo umejitafutia makubwa. Baba alikuwa mfunguaji wa ndiva yetu tangu mimi nikiwa natambaa. Alichomoa kizibo, gogo lililozungushiwa maganda ya migomba na udongo, kisha akapaza sauti kuiita nyumba yenye zamu, na huko bondeni wakaitikia na kuanza kufungua vijifereji vyao. Alipozeeka kazi akapewa mwingine, kijana wa pale pale. Shida ni kwamba akili ya baba ilikuwa imeanza kumtoka, na katika yote aliyoyasahau, alisahau pia kwamba kazi ile si yake tena.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Ugali nitasonga mwenyewe."

"Utasonga wewe?"

"Nitajaribu. Ukirudi ukanikuta nimekonda, utajua mambo yalikwendaje."

Nilicheka, na wakati nacheka nikawa nafunga mzigo. Nilipanda lori la mwenye duka mpaka chini ya mlima, na kutoka hapo miguu. Huko bondeni joto lilikuwa la kukausha mate, na nilipofika juu nilikuwa nimejifunika khanga mbili na bado natetemeka. Nilizoea Same vibaya.

Baba alikuwa uani anamenya ndizi mbichi. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu sana. Umetoka serikalini?"

Alinisemesha Kiswahili. Wengine hawataelewa uchungu wa jambo hilo. Baba Kiswahili alikiweka kwa ajili ya watu wa kodi, mabwana shamba na wapita njia. Sisi wanawe hakutusemesha ila Kipare, hata alipokuwa anatuchapa. Nilibaki nimepiga goti pale kwenye maganda ya ndizi, sijui niinuke au nilie.

Sauti ya mama ikatoka ndani, "Ni mwanao huyo, wa Same. Yule mwenye mdomo."

"Aa!" Baba akaangua kicheko, akarudi kwenye Kipare chake. "Yule mwenye mdomo! Mbona husemi?" Akanishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu wa ndizi. Nywele zangu zilinata kwa siku kadhaa, na wala sikujali.

Mama naye macho yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini kichwa chake, lo! Alijua mbuzi gani alizaliwa mvua ipi, nani alimposa nani na kwa nini alikataliwa. Siku zile za kwanza niliwatazama, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Nilikuwa nimekuja kuwahurumia watu wawili wasiojiweza, nikakuta nyumba inakwenda. Mama aliketi jikoni akiamuru, "Leta kunde. Si hizo, zilizo kwenye chungu kilichopasuka mdomo." Baba alileta. Akamtungia uzi kwenye sindano, akamchambulia maharage yenye wadudu. Mtu akibisha hodi, mama alimtambua kwa sauti, akamnong'oneza baba, "Mpwa wako huyo, mkewe amejifungua juzi." Basi baba alitoka kifua mbele, "Karibu mpwa wangu! Mtoto hajambo?" Yule mpwa aliondoka akiamini mzee yuko timamu kabisa. Niliwaambia, "Kumbe nyie wawili ni matapeli!" Mama alicheka mpaka akakohoa.

Walichoshindwa ni hicho kimoja tu. Alfajiri mama akiwa bado amelala, baba alinyanyuka polepole akaenda zake ndivani. Mama alikuwa akishtuka, mahali pa baba kitandani pameshapoa.

Wazee wa maji walikuja tukiwa tunakula makande. Aliyesema zaidi alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mzee mwenye ndevu nyeupe na hasira kama zangu, ambaye maharage yake yalikuwa yamenyauka yakiwa na maua. Alikataa kukaa. "Nyumba hii tumeistahi kwa sababu ya kazi aliyoifanya huyu," alisema akimwonyesha baba, ambaye alikuwa anatabasamu na kuwakaribisha chakula. "Lakini likitokea tena, nyumba hii itatolewa kwenye zamu. Tutakutana siku ya msaragambo na neno litapitishwa." Msaragambo ni siku ya kazi ya wote, na hiyo ilikuwa ya kuzoa tope la ndiva kabla ya kupanda. Haikuwa mbali. Na shamba lisilo na zamu, kwetu, ni shamba la kungojea huruma za mvua. Nilitaka kujibu. Mama aliniwekea mkono kwenye goti na kulikandamiza, maana alinijua.

Kaka yangu mkubwa alikuwa analima Bendera, huko chini kwenye joto na mpunga. Nilimpelekea habari, akaja na mkewe na mfuko wa mchele. Wifi yangu aliniangalia akasema, "Umenenepa wifi, au ni hizo khanga?" Nikamwambia ni khanga, na yeye asijali, unene wake ni wa maneno. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana miaka yote, na ole wake ambaye angemsema wifi yangu vibaya mbele yangu.

Kaka alikuwa mtu wa mipango. Alikwisha kupanga kila kitu njiani. Baba aende naye Bendera, ambako hakuna ndiva ya kufungua. Mama aje kwangu Same, karibu na zahanati, pengine macho yatatazamwa. Yeye alikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mimi katika chumba kile cha reli nilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nayo ya kubanana. Shamba tungempa mtu alime kwa makubaliano. "Wataangaliwa vizuri," alisema. "Hatuwatupi. Tunagawana mzigo tu."

Nitasema ukweli, nilikubali. Niliitikia kwa kichwa nikaona ni akili. Nilikuwa nimechoka, na ubishi wangu wote ulikuwa umekwishia kwa yule mwanamke wa ndizi.

Mama hakupinga. Hilo ndilo lililopaswa kutushtua. Aliinuka, akaanza kupapasa ukutani na kwenye uchaga, akawa anatoa vyombo na kuvipanga sakafuni mafungu mawili. Chungu huku, sufuria kule. Kibuyu huku, kata kule. Baba alimfuata nyuma akimsaidia kwa furaha, bila kujua anasaidia nini. Kisha mama akaingia chumbani, akatoka na blanketi lao la kijivu, lile waliloletewa na kaka alipopata mshahara wake wa kwanza. Akasimama nalo katikati ya mafungu.

"Na hili?" aliuliza. "Mtalikata, au mtapiga kura?"

Kaka alitazama miguu yake. Wifi yangu, mwenye maneno yote yale, alitoka nje akajifanya anafukuza kuku, na nilimsikia analia huko nje bila kuficha. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia kaka, nikajikasirikia, nikawakasirikia wazee wa maji na maharage yao. Nilichukua lile blanketi nikalirudisha kitandani nikalitandika kwa nguvu kama nampiga mtu.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya baba. Nilimsikia anavaa, nikamfuata nyuma kwa mbali kidogo. Nilidhani nitamwona mzee aliyepotea. Wapi! Alitembea kwenye ule ukungu kama kijana, akikwepa jiwe hili na mzizi ule bila hata kuangalia chini, hadi ukingoni mwa ndiva. Akapima maji kwa jicho. Akavua shati asililoweshe, akalikunja vizuri, akaingia, akachomoa kizibo. Halafu akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita. Aliliita jina la rafiki yake wa ujana, ambaye tulikuwa tumemzika mimi nikiwa mwari. Akasubiri kuitikiwa. Akaita tena.

Nilikirudisha kizibo mahali pake kwa mikono yangu, nikakanyagia udongo mpaka magotini. Kazi ya kizibo haikuwa ya wanawake, lakini hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nilimwongoza nyumbani nikamweleza mama jina aliloliita.

Midomo ya mama ilichezacheza, anahesabu. "Ni kweli," alisema. "Kwa zamu za zamani, leo ni siku yake. Baba yako hakosei. Yuko nyuma tu. Ningekuwa na macho ningemfuata kila siku nikamwambia leo ni ya nani. Zamu za sasa nazijua zote, nazisikia kwa watu. Ila njia ile siioni."

Kaka alikuwa anakunywa uji. Aliushusha. Mimi nilimwangalia, naye akaniangalia.

"Njia si anaijua baba?" nikasema.

"Wewe," alisema kaka, "usianze."

Nilikuwa nimeshaanza. Siku ya msaragambo baragumu lilipolia tulikwenda wote. Wanaume waliingia topeni na majembe, sisi wanawake tukabeba tope kwa makarai, na ng'ambo makande yalikuwa yanachemka. Baba alikuwa katikati ya tope akiimba na kuwasukuma vijana, siku hiyo alikuwa mwenye furaha kuliko mtu yeyote Myamba. Walipokaa kupumzika na yule mzee wa ndevu akasafisha koo kuleta lile neno, nilisimama mimi. Mdomo wenyewe ndio huu, ungetumika lini tena?

Nikasema, mnataka mtu wa kufungua ndiva anayejua njia, asiyelala, anayejua kupima maji na kuzungushia kizibo kisivuje. Huyo mnaye. Mnataka mtu anayejua zamu za nyumba zote bila kukosea, asiyempendelea ndugu. Huyo pia mnaye. Sasa ikiwa Mungu amewagawia hayo watu wawili badala ya mmoja, basi wapeni kazi wote wawili. Baba atamshika mama mkono amwonyeshe njia, na mama atamwambia leo ni siku ya nani. Mkiona wamekosea hata mara moja, tutoeni.

Kicheko kilichopigwa hapo! Mwanamke kwenye kizibo! Mmoja aliuliza kama kesho mama atavaa na suruali. Wifi yangu alimjibu kutoka kwenye makande, "Yako hataiazima, imechanika nyuma," na hapo ndipo kicheko kilipogeuka kikawa chetu. Yule kijana mwenye kazi ya kufungua alinyoosha mkono akasema yeye hana kinyongo hata kidogo, waachiwe wazee. Alikuwa ameoa karibuni, na baridi ya alfajiri ya Myamba si mchezo. Wote wakamtazama mzee wa ndevu.

Alikunja uso, akachezea ndevu, akatema mate pembeni. "Mradi siku yangu maji yanafika kwangu," alisema, "hata paka na afungue." Kisha akaomba makande.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi ya kwanza kijiji kizima kilijifanya kina shughuli karibu na ndiva. Waliwaona baba na mama wanatokea kwenye ukungu, blanketi moja limewafunika mabegani wote wawili, baba akisema, "Jiwe hapo, inua mguu," na mama akiinua mguu. Ukingoni alimketisha kwenye gogo. Akauliza, "Leo nani?" Mama akamtajia. Baba akachomoa, akaita, na kule chini mtu akaitikia. Mama ndiye aliyetabasamu kwanza, maana alisikia sauti ya maji kabla yetu.

Hatukukaa tu na kufurahi. Ilibidi tupange. Mimi na wifi yangu tuligawana mwaka. Yeye alipanda mlimani kazi za mpunga zikiisha, mimi nikapanda wakati wa kupanda na kuvuna maharage, na miezi iliyobaki mke wa yule mpwa wa baba, jirani, aliwaangalia kwa sehemu ya mavuno. Kaka alijenga kibanda cha pili pale uani cha kulala aliyekuwa zamu. Tuliita zamu, kwa mzaha, na mama alitutangazia kwa sauti ile ile ya ndivani, "Leo ni ya mwenye mdomo!" Mume wangu alijifunza kusonga ugali. Haukuwa mzuri lakini hakukonda. Wapo waliosema mke gani huyu anayemwacha mume relini. Niliwaambia waje wampikie wao kama roho zinawauma, na hakuja mtu. Ilikuwa miaka ya kupanda na kushuka, ya magoti kuuma, na nikiulizwa leo nitasema nilikuwa na raha.

Baba aliendelea kusahau. Alimsahau kaka, akamsahau wifi, na mimi kila nilipofika nilikuwa mtu wa serikali mpaka mama aseme. Siku nyingine hata mama akisema, alinikaribisha tu kwa adabu, kwa Kiswahili chake cha wageni.

Halafu ikaja asubuhi moja mama akiwa na homa. Alitetemeka chini ya lile blanketi, na baba akazunguka chumbani akiuliza, "Yuko wapi? Yuko wapi yule wa kuniambia?" Nilimwonyesha pale kitandani. Alimtazama, akatoka, akarudi akauliza tena. Nikaona hata hajui kinachoendelea. Nikamshika mkono, nikamwambia leo tutakwenda sisi wawili.

Njiani alinionyesha mawe yote. "Jiwe hapo, mama. Inua mguu." Kwa Kiswahili. Tulifika ukingoni, akavua shati, akalikunja, akaingia majini, akashika kizibo.

"Leo nani?"

Nilikuwa sijauliza! Nimelala na mwenye kujua nyumba moja, nimemchemshia maji, nimemfunika, na hilo moja nikalisahau. Nilimwambia sijui, baba. Nilidhani atachomoa, kama alivyofanya siku zile. Hakuchomoa. Alisimama majini ameshika gogo akaniambia, "Basi nangoja."

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama hakufungua hata macho. "Ni yetu," alisema. "Leo ni ya kwetu." Nikakimbia tena juu, kifua kinawaka, na yeye bado alikuwa vile vile, maji kiunoni, mkono kwenye kizibo.

"Ni yetu, baba!"

Alifikiri. "Yetu na nani?"

"Yako na mama."

Uso wake ulifunguka. Akachomoa kizibo, maji yakaanza kushuka kuelekea kwenye maharage yetu. Hakumwita mtu. Alinigeukia, na kwa Kipare, kile ambacho hakuwa amenisemesha tangu nifike, akasema, "Nenda kamwambie mama yako asiamke. Ana homa na nje kuna baridi. Maji nitampelekea mwenyewe."